Kupima tungamo la Tanzanite (WASP-71b) tukiwa Mbeya: mbona hesabu zinagoma?

Mwalimu_Uyole

Wadau, habari za jioni. Swali linatoka klabu ya sayansi ya sekondari hapa Mbeya. Wanafunzi hawataki kusikia sayari nyingine isipokuwa Tanzanite, ile ya nyota WASP-71. Majina yalitolewa mwaka 2019: sayari ikaitwa Tanzanite, nyota yake ikaitwa Mpingo. Iko kundinyota la Nyangumi, mng'ao 10.6 (namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu), kwa macho matupu huioni.

Vifaa: darubini ya inchi 8 (milimita 203), stendi ya ikweta yenye mota, kamera ya DSLR ya biti 14, laptop moja.

Mwishoni mwa Oktoba tovuti ya utabiri ilitupa katikati ya mpito (sayari kupita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga wake) saa 21:10. Tukapiga picha za sekunde 60 kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano. Grafu inaonyesha mwanga unapanda taratibu mwanzoni, unatulia, halafu kwenye saa tatu na dakika arobaini hivi unashuka kidogo sana na haurudi mpaka tunafunga. Ina maana mpito umechelewa, au ni kamera?

La pili. Tulichukua kipindi cha siku 2.9037 na umbali wa 0.0462 AU (AU moja ni umbali wa Dunia na Jua) tuliousoma kwenye orodha, tukaviingiza kwenye kanuni ya tatu ya Kepler. Jibu: 1.56 ya tungamo la Jua. Sayari nzito kuliko Jua! Tumekosea wapi, na je, kwa vifaa hivi tungamo linapatikana kweli?

Darubini_Iringa

Kamwene mwalimu. Mpito haukuchelewa. Mmechanganya saa.

Ile 21:10 ni UT, yaani saa ya Greenwich. Ongeza tatu upate 00:10 ya Afrika Mashariki, yaani saa sita na dakika kumi usiku. Mpito wa sayari hii huchukua takriban saa tano, tangu sayari inagusa ukingo wa nyota mpaka inauachia ukingo wa pili. Rudi nyuma saa mbili na nusu kutoka katikati: 21:40, saa tatu na dakika arobaini usiku. Ndiyo dakika uliyoitaja wewe mwenyewe. Mlinasa kuingia kwake, mkafunga vifaa sayari haijafika hata katikati ya nyota. Ilitoka saa nane na dakika arobaini usiku, mmelala.

Kwetu mtego huu una meno matatu: kinywa kinasema saa tatu, kamera inaandika 21, utabiri unasema 18. Weka kamera na laptop kwenye UT leo na usiziguse tena. Daftari la kumbukumbu liwe la UT tupu, hata kama wanafunzi wataendelea kusema saa tatu na saa nne. Namba ya siku ya Julian (JD, hesabu ya siku mfululizo inayotumika kwenye elimu ya anga) hubadilika saa 12:00 UT, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku wetu mzima unabaki ndani ya namba moja. Usipoona hivyo kwenye faili lako, jua saa ya kamera imekosewa.

Baada ya hapo geuza JD kuwa BJD, yaani muda ule ule ukihesabiwa kwenye kitovu cha tungamo la mfumo wa Jua. Dunia ikizunguka Jua inaisogelea nyota na kuiacha, na mwanga unawahi au kuchelewa hadi dakika 8 na kidogo. Mwishoni mwa Oktoba Mpingo iko karibu mkabala na Jua, hivyo sahihisho ni karibu dakika 8 nzima, za kuongeza. Juu yake kuna sekunde 69 za tofauti kati ya saa ya UTC na saa ya TDB inayotumika kwenye orodha za sayari. AstroImageJ, ambayo ni ya bure, inafanya yote mawili ukiipa latitudo, longitudo na mahali nyota ilipo. Longitudo yenu ni ya mashariki, nyuzi 33 na nusu. Ukikosea alama ya kujumlisha na kutoa, programu itaamini uko ndani ya Atlantiki, upande wa Brazili, na haitakulalamikia.

Kule kupanda kwa mwanzo si sayari. Saa mbili usiku mwishoni mwa Oktoba nyota ile iko nyuzi kama 25 tu juu ya upeo, mwanga unapita kwenye hewa zaidi ya mara mbili ya ile ya utosini. Ongeza moshi wa mashamba yanayochomwa msimu huo. Tumia nyota linganishi nne au tano zenye rangi inayokaribia ya Mpingo, zote ndani ya fremu hiyo hiyo. Nyota linganishi nyekundu hufifia kidogo kuliko yako inaposhuka chini, na hapo ndipo mteremko unapozaliwa.

Ratiba sasa. Kila mpito unatokea siku tatu kasoro saa 2 na dakika 19 baada ya uliopita. Katikati ikiwa 00:10 leo, siku tatu baadaye ni 21:51, na wakati wa kuingia nyota bado iko chini mno. Mtapata kutoka tu, karibu na 00:20. Mizunguko kumi ni siku 29 na dakika 53. Kwa hiyo ukipata usiku mmoja mzuri, mwingine unaofanana nao uko mwezi mmoja mbele, umesogea chini ya saa moja. Tatizo la Nyanda za Juu Kusini ni kwamba mwezi mmoja baada ya mwisho wa Oktoba ni mvua. Anzeni Septemba, msubiri usiku wa manane.

Kipindi mnaweza kukipima wenyewe bila orodha ya mtu. Katikati ya mpito mkiipata kwa kosa la dakika 3, mipito miwili iliyopishana mizunguko 10 inatoa kipindi kwa kosa la sekunde 25 hivi. Rudini mwaka unaofuata, mizunguko 125 baadaye, kosa linashuka hadi sekunde 2. Lakini hesabuni mizunguko kwa namba nzima. Ukikosea mzunguko mmoja kati ya 125, kipindi kinaharibika kwa zaidi ya nusu saa na utagombana na orodha bure.

Loleza_Kaskazini

Ya saa yameisha. Mimi nizungumzie chuma.

Mwalimu, stendi yako imeinamishwa nyuzi ngapi? Mbeya tuko latitudo ya karibu nyuzi 9 kusini. Stendi nyingi za ikweta zimetengenezwa kwa watu wa nyuzi 30 hadi 60. Ukiishusha hadi 9, skrubu ya nyuma inaishiwa nafasi au fimbo ya chuma cha mizani inagonga mguu wa stendi darubini ikipita kichwani. Na Mpingo kwetu inapita nyuzi 80 juu, karibu utosini, pale pale panapogonga. Usilazimishe skrubu. Geuza stendi ili mguu mmoja usiwe chini ya fimbo, na skrubu ikigoma kwenye 15, inamisha stendi nzima kwa kupunguza urefu wa miguu upande unaotakiwa mpaka nyuzi sita zilizobaki zipatikane. Kisha zungusha kwa mkono, mota ikiwa imezimwa, kutoka mashariki hadi magharibi, uone kama kuna kinachogusa.

Kulenga ncha ya kusini kwa kutafuta nyota yake ni kupoteza usiku: iko nyuzi 9 juu ya upeo, kwenye vumbi, na nyota iliyo karibu nayo ina mng'ao wa 5.4. Tumia njia ya kuangalia mteleko. Chagua nyota iliyo juu karibu na meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), izime mota ya deklinesheni (ya mwendo wa kaskazini na kusini), tazama inateleza kaskazini au kusini kwa dakika tano, rekebisha upande wa mashariki na magharibi. Halafu nyota iliyo chini mashariki, rekebisha kimo. Rudia mara tatu. Nyota ikihama pikseli zaidi ya kumi kwa saa tano, vumbi lililo kwenye sensa litajiandika kwenye grafu yako kama sayari.

Meridiani: usiku ule Mpingo ilikuwa inavuka kama saa sita na robo, yaani darubini inageuzwa upande wa pili katikati ya mpito. Bahati njema, maana hapo grafu iko chini na imetulia. Baada ya kugeuza, picha inakuwa imepinduka na nyota zinaangukia pikseli nyingine, utaona ngazi kwenye grafu. Mpe kila upande kiwango chake wakati wa kulinganisha na modeli. Ukigeuza wakati sayari inaingia au kutoka (dakika ishirini na kitu tu), umepoteza kipimo.

Kamera:
- Piga RAW, tumia pikseli za kijani peke yake.
- Toa fokasi kidogo mpaka nyota iwe kisahani cha pikseli 15 hadi 20 kwa upana. Mwanga unasambaa, dosari ya pikseli moja haikuumizi.
- Biti 14 ni 0 hadi 16,383. Pikseli yenye mwanga mwingi kuliko zote isizidi 11,000. Nyota iliyojaa imekufa, hakuna programu ya kuifufua.
- Funga ISO, funga muda, zima kila kinachojirekebisha chenyewe.
- Picha 30 za giza kwa muda ule ule na baridi ile ile, na picha 30 za mwanga sawa kupitia shuka jeupe lililovutwa vizuri mdomoni mwa darubini baada ya jua kuzama. Kwetu giza huingia haraka, una dakika ishirini hivi. Usiguse fokasi wala kuzungusha kamera baada ya hapo.

Kina cha mpito wa Tanzanite ni asilimia 0.44 tu. Kwa inchi 8, picha ya dakika mbili, kumetameta kwa hewa na uchache wa fotoni vinakupa kosa la karibu asilimia 0.2 kwa kila nukta. Nukta 150 za mpito mzima zinatosha kuuona, ila kwa shida. Ningekuwa ninyi ningeanza na HD 189733b mwezi Julai na Agosti: kina asilimia 2.4, muda chini ya saa mbili, kipindi siku 2.2186, anga la kiangazi. Umande wa Julai huku juu ni mkali, tengeneza bomba la sponji lenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo cha darubini.

Darubini_Iringa

Nakubali kuanza na rahisi, ila HD 189733 ina mng'ao wa 7.7 na nyota linganishi zenye mng'ao huo ni chache kwenye fremu ndogo. Ukiipima dhidi ya nyota za mng'ao wa 11, kelele zote ni za linganishi. Tumieni kipunguza fokasi mpanue fremu. Halafu nyota hiyo ina madoa mengi. Kivimbe kidogo katikati ya mpito kinaweza kuwa ni sayari inapita juu ya doa, wala si kosa lenu.

Hesabu_za_Anga

Mwalimu, 1.56 mliyopata ni sahihi kabisa. Ni tungamo la Mpingo.

Kanuni ya tatu ya Kepler, a³/P² (a ni umbali, P ni kipindi), inakupa jumla ya matungamo mawili, na sayari katika jumla hiyo ni kama sehemu moja ya 730. Huwezi kuichomoa. Tena ile 0.0462 AU kwenye orodha haikupimwa kwa rula. Ilitokana na tungamo la nyota lenyewe. Mmezunguka duara mkarudi mlikoanzia. (Na nawapongeza kwa kusema tungamo. Wengi huandika uzito, kisha wanashangaa newtoni zimetoka wapi.)

Mpito peke yake hauna tungamo la sayari ndani yake. Unakupa kipindi, mwinamo wa obiti, na uwiano wa nusu kipenyo cha sayari kwa cha nyota: kipeuo cha pili cha 0.44 kwa mia ni 0.066. Unakupa pia uwiano wa umbali kwa nusu kipenyo cha nyota, a/R, ambao hapa ni karibu 4.4. Ili kupata tungamo unahitaji kuona nyota ikivutwa. Sayari na nyota vinazunguka kitovu kimoja cha tungamo. Nyota inatusogelea na kutuacha, na mistari ya spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) inasogea kwenye bluu na kwenye nyekundu. Jupita inalivuta Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde, Dunia kwa sentimita 9 tu. Michel Mayor na Didier Queloz waliipata 51 Pegasi b mwaka 1995 kwa mtikisiko wa mita karibu 56 kwa sekunde, na wakapewa Nobeli 2019. Tanzanite inaitikisa Mpingo kwa mita 236 kwa sekunde. Ni kubwa, lakini bado ni chini ya sehemu moja kwa milioni ya kasi ya mwanga, na DSLR haiwezi. Hapo mnatumia kasi zilizopimwa kwa spektrografu ya CORALIE huko La Silla, Chile. Zimechapishwa kama jedwali: muda, kasi, kosa.

Hatua zake kwenye Excel:

Safu ya A muda, B kasi. C ni fasi, yaani sehemu ya mzunguko iliyokwisha kupita: =MOD((A2-T0)/P,1), ambapo T0 ni katikati ya mpito. Futa nukta zenye fasi chini ya 0.036 au juu ya 0.964. Hizo zilipimwa sayari ikiwa mbele ya nyota. Inaziba kwanza upande wa nyota unaozunguka kutujia, halafu upande unaotuacha, na kasi inapotoshwa kwa makumi ya mita bila mvuto wowote kuhusika. D ni =-SIN(2*PI()*C2). Alama ya kutoa ina sababu: baada ya mpito sayari inaondoka kwetu, hivyo nyota inakuja kwetu, na kuja ni kasi hasi. Mwisho =SLOPE(B:B,D:D) ni K, yaani ukubwa wa mtikisiko wa nyota kwa mita kwa sekunde, na =INTERCEPT ni kasi ya mfumo mzima. Hii inachukulia obiti ni duara, na kwa sayari ya siku tatu kasoro si vibaya. Jedwali likiwa na vipimo vya spektrografu mbili, kila moja ina sifuri yake. Usizichanganye kwenye SLOPE moja.

Kisha tungamo la sayari (m), kwa kipimo cha Jupita; M ni tungamo la nyota kwa kipimo cha Jua, i ni mwinamo:

m sin i = (K / 28.43) × M^(2/3) × (P/365.25)^(1/3)

236/28.43 ni 8.30. 1.56 kwa kipeo cha theluthi mbili ni 1.345. 2.9037/365.25 ni 0.00795, mzizi wake wa tatu 0.1996. Zidisha: 2.23. Mwinamo mmeupata kwenye mpito, sini yake inakaribia 1, kwa hiyo sayari ni Jupita 2.2. Ambao hawana mpito hubaki na m sin i tu, yaani tungamo la chini kabisa linalowezekana.

Kosa kubwa halitatoka kwenye K. Tungamo la nyota likikosewa kwa asilimia 10, la sayari linakosewa kwa karibu 7, na Mpingo ni nyota inayozeeka, ngumu kuikadiria.

Mwalimu_Uyole

Asanteni sana kaka zangu, na dada wa hesabu. Stendi kweli ilikuwa inagonga, tulidhani ni mota. Excel tumeifanya hatua kwa hatua, lakini SLOPE imetoka 111, na nukta zimetawanyika kama kuku waliotupiwa mahindi. T0 tumeitoa kwenye orodha moja, kasi kwenye jedwali jingine.

Hesabu_za_Anga

Muda mmoja ni JD, mwingine ni MJD. Angalia namba: MJD hupatikana kwa kutoa 2,400,000.5, si 2,400,000. Mkirudisha milioni mbili na laki nne mkaiacha ile nusu, fasi yote inasogea kwa 0.5/2.9037, yaani 0.172 ya mzunguko, nyuzi 62. Kosaini ya 62 ni 0.47, na 236 mara 0.47 ni 111. Ndiyo hiyo yenu. Ongezeni 0.5 kwenye safu ya A.

Mwalimu_Uyole

236 na kidogo. Nukta zimekaa kwenye mstari. Sasa vijana wanauliza: kama tungamo la nyota ni la kukadiria, kuna chochote cha sayari tunachoweza kupata bila kulijua?

Hesabu_za_Anga

Mvutano wa juu ya sayari. Tungamo la nyota linajifuta lenyewe kwenye hesabu:

g = (2π/P) × K / ((r/a)² × sin i)

P kwa sekunde ni 250,877. Uwiano wa nusu kipenyo cha sayari kwa umbali, r/a, ni 0.066 gawanya kwa 4.4, karibu 0.015. Weka K ya mita 236. Inatoka karibu mita 26 kwa sekunde kwa sekunde, dhidi ya 9.8 ya hapa Uyole. Lakini a/R inaingia kwa kipeo cha pili, na inatokana na umbo la kuingia na kutoka kwa mpito. Kwa hiyo usiku wa Septemba msifunge kabla ya sayari kutoka.